Selimundu na kipimo cha miezi mitatu

Neno selimundu limeundwa vizuri: seli iliyojipinda kama mundu. Lakini linamtaja mgonjwa tu. Aliyerithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja, asiyeumwa chochote, huitwa mbebaji, na jina hilo silipendi hata kidogo. Linasikika kana kwamba anaweza kumwambukiza jirani.

Mtaani Riruta, Nairobi, wanaishi watu wengi wenye asili ya magharibi mwa Kenya, ambako jeni hiyo imeenea kwa kuwa humkinga mbebaji dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliyaandika hayo mwaka 1954.

Sasa mbebaji huyo akipimwa kisukari kwa kile kipimo cha miezi mitatu, kinachoangalia sukari iliyonata kwenye himoglobini, jibu linaweza kupotosha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba, kwa kiwango kilekile cha sukari, majibu ya wabebaji yalikuwa chini kwa pointi 0.3 hivi. Kisukari huhesabiwa kuanzia asilimia 6.5. Mwenye 6.3 basi anaweza kurudishwa nyumbani akiwa tayari mgonjwa! Kwa mwenye selimundu yenyewe kipimo hiki hakifai: seli zake nyekundu hufa mapema mno, hazifikishi zile siku 120 za kawaida, hivyo sukari haipati muda wa kutosha kunata.

Kama kwenu kuna selimundu, mwambie daktari kabla hajatoa damu, na uombe sukari ipimwe asubuhi hujala. Kipimo hicho hakitegemei himoglobini.