Shoga, Rafiki, na Jina Lililokataliwa

Mwanamke wa Kibokoni, Mombasa, akimwita jirani yake "shoga", hamtukani. Anamwambia: wewe ndiwe mwenzangu wa siri. Shoga wa mwanamke ni mwanamke mwenziwe. Neno hilohilo akitajwa nalo mwanamume likawa tusi, kisha likavishwa u- likawa "ushoga" wa taarifa za habari. Maneno mengi huporomoka maana. Hili limeporomoka ilhali maana yake njema ingali hai, ikitamkwa kila siku na wanawake wanaosukana nywele.

Maneno jirani yake hayakujaliwa hata hayo. Msagaji limetokana na kusaga: linataja tendo, mtu kasahauliwa. Hanithi linamwambia mtu kuwa hana nguvu za kiume, jambo lisilohusu kabisa ni nani ampendaye. Basha pekee lina ukubwa ndani yake, maana ndilo jina la mfalme wa karata. Si bure. Lugha ilimpa cheo yule aliyeonekana kubaki mwanamume, ikamwachia mwenzake fedheha yote.

Ndiyo maana mwanaharakati anayetaka kujitaja kwa Kiswahili hukuta kabati limejaa nguo zilizoshonwa na wasiompenda. Wengine hukimbilia herufi za LGBT. Wengine husema "wapenzi wa jinsia moja", istilahi safi, ndefu, isiyomtukana mtu, ila haina ladha ya barazani. Waganda wao walijipatia "kuchu", neno fupi ambalo mwanaharakati David Kato, aliyeuawa Januari 2011, na wenzake walijiita bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mombasa kuna shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja liitwalo PEMA Kenya. Jina ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, lakini sikio la Mswahili halijali: linasikia mahali pema, pale tunapowaombea marehemu walazwe. Hawa wanapataka wakiwa hai. Na pwani hiyo ina sababu. Februari 2010, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulitosha kuwakusanya watu Mtwapa hadi kwenye kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakiwasaka walioshukiwa. Wapo wanaotafsiri homofobia kuwa "hofu". Mimi nashika "chuki". Mwenye hofu hukimbia. Wale wa Mtwapa walikuwa wakikimbiza.

Nairobi ugomvi ulikuwa wa jina hasa. Eric Gitari alipotaka kusajili shirika la haki za binadamu, majina aliyopendekeza yalibeba maneno gay na lesbian, na Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikayakataa. Angeweza kujificha nyuma ya "ustawi" au "maendeleo", maneno ambayo hayajawahi kumkera msajili yeyote. Hakufanya hivyo. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda Mahakama ya Rufani 2019, na Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu wakakubaliana naye. Walisema pia kwamba "jinsia" katika ibara ya 27(4) ya Katiba inajumuisha mwelekeo wa kimapenzi wa mtu. Neno moja likapanuliwa, watu wakapata pa kusimama. Mbunge Peter Kaluma aliomba uamuzi huo uangaliwe upya, ombi likatupwa Septemba mwaka huohuo.

Wanuri Kahiu alipita njia nyingine. Filamu yake ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana aliiita Rafiki, kwa kuwa hivyo ndivyo wapenzi wa aina hiyo hutambulishana mbele za watu. Neno la chekechea kabisa, na bado filamu ilipigwa marufuku mwaka 2018, hadi Mahakama Kuu ilipoifungulia kwa siku saba mwezi Septemba. Kumbe shoga na rafiki yamepita njia moja kwa kupishana: la kwanza lilitolewa kwenye urafiki likapelekwa kwenye mapenzi kwa nia ya kudhalilisha, la pili likayasitiri mapenzi hayo.

Lakini kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kingalipo na "kinyume cha maumbile" yake, kifungo miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kwa hiyo nchini Kenya shirika laweza kusajiliwa kwa jina lake kamili, na mwanachama wake akashtakiwa kwa maneno ambayo Waingereza waliyaacha humo.