Faili la diski: juu ya nini kompyuta isiachiwe kukisia muundo wake

Mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, kama mgeni ndani ya nyumba ya watu. Fasi ambapo umeme unatoka kwenye paneli za jua ao jenereta, huo ni msaada mkubwa: kompyuta moja inabeba mashine ya hesabu, ya kurekodi vipindi na ya kufundishia vijana, bila kununua tatu. Lakini kila mgeni anahitaji diski yake, na hapo kuna mlango ambao wengi wanasahau kuufunga.

Diski ni faili tu

Mgeni anaiona diski yake kama diski ya kweli. Kwa mwenyeji, yaani kompyuta inayombeba, ni faili moja kubwa. Faili hilo linaweza kuwa na miundo mbalimbali: qcow2 ya QEMU, VMDK ya VMware, VDI ya VirtualBox, VHD ya Microsoft, ao raw.

Mingi ina alama yake. Baiti nne za kwanza za qcow2 ni herufi Q, F na I, kisha baiti moja isiyosomeka. VHD ya ukubwa usiobadilika inaweka alama yake, neno "conectix", mwishoni mwa faili. Raw haina alama hata moja: baiti ya kwanza ya diski ya mgeni ndiyo baiti ya kwanza ya faili.

Mtu akiwasha mashine pepe bila kutaja muundo, programu inaweza kusoma mwanzo wa faili na kukisia. Ikikosa alama inayoijua, inasema: basi, hii ni raw. Inaonekana kama msaada. Kumbe ndiyo hatari yenyewe.

Barua ndani ya mfuko

Chukua mfano wa depo ya mchele sokoni Kasongo. Mteja anaacha mfuko wake, na ndani anatia barua: "Mchele wangu mwingine uko chumbani mwa mwenye depo, niongezeeni." Mlinzi akiitii barua bila kuangalia daftari, mteja anaondoka na mali isiyo yake.

Muundo wa qcow2 unaruhusu barua kama hiyo. Mwanzoni mwake panaweza kuandikwa jina la faili lingine la kutegemea: data isiyopatikana hapa, itafutwe kule. Ni jambo zuri kama aliyeandika ni mwenye mashine. Lakini mgeni mwenye diski ya raw anaweza kuandika chochote kwenye baiti zake za kwanza, hata alama ya qcow2 pamoja na jina la faili la siri la mwenyeji. Mashine ikizimwa na kuwashwa tena, programu inayokisia inaona qcow2, inafungua lile faili la siri, na mgeni analisoma kama sehemu ya diski yake.

Yaliyokwisha kutokea

Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2008 katika QEMU 0.9.1, kwa namba CVE-2008-2004. Mwaka 2010 libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, nayo iliacha kukisia kama desturi: faili lisilotajwa muundo linahesabiwa kuwa raw. Baadaye QEMU ilianza kutoa onyo, na kumzuia mgeni kuandika alama za miundo mingine mwanzoni mwa diski iliyokisiwa kuwa raw. Tangu QEMU 6.1, ya mwaka 2021, anayetengeneza faili linalotegemea lingine analazimishwa kutaja muundo wa hilo lingine.

Hadithi haikuishia hapo. Julai 2024, OpenStack, inayoendesha seva nyingi duniani, ilitangaza CVE-2024-32498: mtumiaji aliweza kupandisha qcow2 inayoelekeza kwenye faili la data la nje, akasoma mafaili ya seva.

Namna ya kujilinda

Neno kuhusu muundo litoke kwa mwenye mashine, lisitoke ndani ya faili ambalo mgeni analiandika.

- Taja muundo kila mara. Katika QEMU: `-drive file=studio.img,format=raw`.
- Ukibadilisha muundo, taja wa kwanza na wa pili: `qemu-img convert -f raw -O qcow2 studio.img studio.qcow2`.
- Usiamini mwisho wa jina la faili. Mtu yeyote anaweza kuandika .img ao .qcow2.
- Faili lililoletwa na mtu kwa flashi lichunguzwe kwanza kwenye kompyuta isiyo na siri. Hata `qemu-img info` ilipatikana na udhaifu mwaka 2024, kwa hiyo programu yenyewe iwe mpya.
- Usiwashe mashine pepe kwa haki za root. Programu isiyo na ruhusa ya kusoma faili la siri haiwezi kumpa mgeni faili hilo, hata ikidanganywa.

Onyo la QEMU kwamba muundo haukutajwa lisipuuzwe kwa sababu mashine imewaka vizuri. Ni neno moja tu la kuongeza, `format=raw`, kama diski hiyo kweli ulitengeneza wewe kwa muundo wa raw.