Kiriba cha Shahamu na Chembe ya Sumaku

Wasafiri wa zamani, wa pwani na wa bara, walichukua maji katika viriba, yaani mifuko ya ngozi iliyoshonwa ikafungwa mdomo. Nami sioni neno lifaalo zaidi kuliko hilo kwa kile alichokiona tabibu Alec Bangham mwaka 1961 huko Babraham, karibu na Cambridge, alipokuwa akiijaribu darubini mpya ya elektroni pamoja na R. W. Horne. Aliona kwamba lesithini, shahamu iliyo jamaa na zile zinazofanya ngozi ya kila seli ya kiumbe hai, ikikutana na maji hujikunja yenyewe, pasipo sindano wala mshonaji, ikawa viriba vidogo mno vyenye maji ndani na maji nje. Mwenye kutaka kuyashuhudia haya na aikaushe lesithini mpaka ibaki utando chini ya chupa, kisha amimine maji na kutikisa: utando utabanduka, na maji yatageuka meupe kama tui. Gerald Weissmann ndiye aliyevipa viriba hivyo jina la liposomu, mwaka 1968.

Ama sumaku, ambayo manahodha wetu waliifahamu katika dira, iliingia katika utabibu kwa mlango mwingine. Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Stony Brook, Marekani, alitangaza picha ya mirija miwili ya maji, iliyopatikana kwa nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio, bila kisu wala miale ya eksirei. Ndiyo asili ya mashine ya MRI, ambayo husikiliza haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Na chembe ya oksidi ya chuma ikiwapo karibu, huivuruga sumaku ya mahali pale, sauti ya maji ikafifia upesi, na sehemu ile ikatoka nyeusi katika picha. Lakini chembe tupu haziaminiki ndani ya damu, kwa kuwa hushikamana zikawa mabonge. Hivyo zilihitaji vazi.

Vazi la shahamu lilishonwa Kortrijk, Ubelgiji, katika tawi la Chuo Kikuu cha Leuven, na Marcel De Cuyper na Marcel Joniau, ambao waliitangaza kazi yao mwaka 1988. Walitwaa chembe za magnetaiti, ambayo ni oksidi ya chuma, zenye upana wa nanomita 14 hivi (na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni), zilizokwisha kupakwa asidi ya lauriki, wakazitia pamoja na viriba vya shahamu katika mfuko wa utando wenye vitundu, uliozamishwa katika maji yaliyobadilishwa mara kwa mara. Na kwa taratibu lauriki ikatoka, shahamu ikashika mahali pake, tabaka la ndani likiambata chuma kwa nguvu na la nje likiegemea juu yake. Kisha ikabaki kuchambua, na hapa ndipo hikima yao inaponipendeza kupita kiasi: waliupitisha mchanganyiko katika mrija uliojazwa nyuzi za chuma, uliowekwa baina ya ncha za sumaku, nyuzi zikanasa kila chembe iliyovaa shahamu, na viriba vitupu vikapita na maji yao.

Mwilini, aghalabu chembe kama hizi humezwa na seli za Kupffer, walinzi wa ini. Ini zima basi hutiwa weusi, bali uvimbe wa saratani, usiokuwa na walinzi hao, hubaki mweupe, na jicho la tabibu huuona waziwazi. Dawa ya namna hii, iliyovikwa dekstrani badala ya shahamu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1996. Lakini ini likiwa limekwisha kuzimeza zote, hazifiki kwingine. Kwa ajili hiyo De Cuyper na Jeff Bulte, pamoja na wenzao, walitangaza mwaka 1999 majaribio yao juu ya uboho wa mifupa, wakilinganisha viriba vya kawaida na vilivyoongezwa manyoya ya polietilini glaikoli, ambayo huwachelewesha walinzi wa ini, na chuma kikapata muda wa kuzunguka katika damu kabla ya kukamatwa.