Mary Khavere ni Nani?

Simama Komarock jioni, karibu na vibanda vya mboga, umuulize mama wa makamo kama anamfahamu Mary Khavere. Huenda akadhani ni jirani mpya. Mtajie Mama Kayai, naye ataacha kukata sukuma akusimulie vituko vyake kimoja baada ya kingine.

Hilo ndilo linalonichoma. Wanawake waliotulea mbele ya runinga tunawajua kwa majina ya kubuni, na mtu akitaka kuifuata njia waliyopita analazimika kuanza kwa kuyatafuta majina waliyopewa na wazazi wao.

Komarock ni mtaa wa nyumba za mkopo, uliojengwa na Kenya Building Society kando ya Barabara ya Kangundo. Wengi wa waliozinunua walikuwa wamekua na kituo kimoja tu cha runinga: Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. KTN ilikuja 1990. Kabla ya hapo, aliyeonekana kwenye kioo alionekana na nchi nzima kwa wakati mmoja. Katika kipindi cha Vitimbi, Khavere, Mluhya, na Benson Wanjau, Mkikuyu, waliigiza mke na mume, Mama Kayai na Mzee Ojwang, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Walifanya hivyo kwa ustadi kiasi kwamba wapo watazamaji walioamini ni wanandoa kwelikweli. Wanjau alifariki Julai 2015, na nchi ikamlilia Mzee Ojwang.

Vitimbi kilikuwa kichekesho. Tamthilia ya mfululizo, yenye machozi na ndoa zinazotikisika, ilikuja na kazi maalumu. Tushauriane, ya mwaka 1987, ililenga uzazi wa mpango, wakati ambapo mwanamke wa Kenya alikuwa amezoea kuzaa watoto wanane kwa wastani. Mbinu yake ilitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, aliyeijaribu katika Acompáñame mwaka 1977. Sabido hakutaka mhubiri. Alitaka mhusika anayesitasita, anayekosea, kisha anabadilika polepole, huku mtazamaji akimwonea huruma kama dada yake. Utafiti wa kitaifa wa 1989 ulikuta wastani umeshuka chini ya watoto saba. Sababu zilikuwa nyingi, na sitaipa tamthilia sifa zote. Lakini mbinu hiyo ina gharama ambayo sijaona ikitajwa: mwigizaji akiiweza kazi yake, yeye mwenyewe hutoweka.

Baadaye ikaja tamthilia ya Tausi, kisha runinga za watu binafsi. Citizen ikatuletea Mother-in-Law, na humo msichana aitwaye Catherine Kamau akawa Celina, mke wa Charlie. Kwa miaka mingi barabarani aliitwa Celina, kama vile mwigizaji mwenzake Jacky Nyaminde alivyoitwa Wilbroda, jina la mhusika wake. Kamau alifanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya: alijiita Kate Actress, akaifanya kazi yenyewe kuwa jina lake. Naliona kuwa tendo la ujasiri. Akatoka kwenye ndoa ya Charlie na kuingia filamu za Disconnect na Plan B, pamoja na kipindi cha Sue na Jonnie. Machi 2020, jijini Lagos, tuzo za filamu na runinga za AMVCA zilimtaja mwigizaji bora wa kike wa vichekesho. Jina lililosomwa jukwaani lilikuwa Catherine Kamau.