Kutoka Chaussée de Wavre hadi Ufuko wa Blankenberge



Kila wageni wa ukoo wanapofikia kwetu Matonge, wakiisha kununua sombe na makayabo katika Chaussée de Wavre, huniuliza iko wapi bahari ya Wabelgiji. Mimi huwapeleka Blankenberge, wala si Ostende yenye fahari, kwa ajili ya Kasongo yetu.

Karibu na ufuko upo mnara wa Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, kazi ya mchongaji Guillaume Charlier, uliozinduliwa mwaka 1900. De Bruyne alikuwa mwana wa mji huo. Wawili hao waliiwakilisha Dola Huru ya Kongo mjini Kasongo, kwa Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip. Vita vilipozuka mwaka 1892 wakashikwa mateka. Mwezi Novemba De Bruyne alipelekwa ukingoni mwa mto Lomami azungumze na maofisa wenziwe waliokuwa ng'ambo. Wakamsihi ajitose majini aogelee, nao wangemkinga kwa bunduki. Akakataa, kwa kuwa Lippens alibaki Kasongo. Mwezi Desemba wote wawili wakauawa.

Ushujaa huo siukatai. Lakini Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yaliuteka mji wa Kasongo, na wazee wetu waliokufa humo, waungwana na watumwa wao, sijapata kuona jiwe lenye majina yao, huku wala kwetu.

Mwenye kukumbuka hata jina moja na aje nalo mkutanoni. Kurasa mbili za mwisho za kijitabu hiki zimeachwa tupu.