Mnada wa Makumbusho: Kipi Kiuzwe, Kipi Kibaki Butiama?

Hebu tujiulize. Ukiombwa utoe kitu cha nyumbani kwako kiuzwe, fedha ziende makumbusho, utatoa nini? Shati? Redio? Au kile kigoda cha babu kilichotupwa stoo?

Nauliza kwa sababu ya Butiama. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa pale Julai 1999, miezi michache tu kabla Mwalimu hajafariki London, Oktoba 14. Ndani mna vitu vyake binafsi na zawadi alizopewa na watu wa ndani na nje ya nchi. Yaani ni nyumba ya vitu vya kupewa na vilivyokwishatumika. Lakini hakuna anayeviita mitumba!

Wenzetu Uingereza wana mazoea ya siku nyingi. Watu hukusanya nguo, vitabu na vyombo wasivyovihitaji, vikauzwa kwa bei nafuu kuchangia kanisa, hospitali au makumbusho. Oxfam walifungua duka la namna hiyo mjini Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940. Nguo nyingi zisizonunuliwa huko huuzwa kwa uzito, hufungwa marobota, na sisi tunazikuta Karume. Mzungu katoa bure, sisi tunanunua.

Historia hii inatugusa. Enzi za Ujamaa serikali ilibana mitumba na kujenga viwanda vya nguo, Mutex ya Musoma ikiwemo. Milango ya biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikafurika, na viwanda ambavyo tayari vilisumbuliwa na vipuri na umeme vikazidi kuyumba. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu. Marekani ikatishia kutunyima nafuu ya AGOA, tukanywea pamoja na Kenya na Uganda. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo.

Sasa, je, mnada wa hisani ni jambo la kizungu? Hata kidogo. Nenda makanisa mengi ya Kilutheri Jumapili baada ya ibada. Mama kaleta jogoo, mzee kaleta mkungu wa ndizi, vinanadiwa pale nje. Mwingine ananunua jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha anamrudisha anadiwe tena! Utaratibu tunao. Tatizo ni kwamba hatujawahi kufikiria makumbusho kuwa mali yetu kama kanisa.

Ila kuna hatari moja. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, linasema fedha za kitu kilichoondolewa kwenye mkusanyo zitumike kwa faida ya mkusanyo huo tu, si kulipia umeme. Lakini kitu ambacho hakijaingia kwenye daftari hakina mlinzi. Kigoda cha Kizanaki kikiwekwa kwenye rundo moja na sufuria, mtalii atakibeba kwa bei ya soda, na hakirudi.

Kwa hiyo anayekusanya vitu Butiama, kabla hajauliza bei, aulize habari zake: nani alikitengeneza, nani alikikalia, lini. Chenye habari kiende kwenye daftari, kisicho nayo kiende mnadani.

Zaidi ya nusu ya Watanzania wamezaliwa baada ya 1999. Hawakumwona Mwalimu. Tukiuza vitu vya wakati wake, tutawaonyesha nini?