Gharama ya Mkopo Kabla ya Fadhila za Akiba: Hoja kuhusu Elimu ya Fedha katika Shule za Sekondari Tanzania

Mtaala ulioboreshwa wa elimu ya sekondari, ulioanza kutumika Januari 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, umeiweka Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima. Ni hatua ya kupongezwa. Kwa miongo kadhaa mambo ya fedha yaliachiwa wanafunzi wa mchepuo wa biashara, na aliyechukua fizikia na kemia aliweza kuhitimu bila kukutana na mkopo popote ila katika maswali machache ya riba kwenye Hisabati. Mlango sasa umefunguliwa kwa wote. Kilichobaki ni kuamua kijana akishaingia aanze kufundishwa nini, na hapo ndipo makala hii inapotofautiana na mazoea. Tumezoea kuanza na akiba, nidhamu ya matumizi na moyo wa ujasiriamali. Kinachomsubiri kijana nje ya lango la shule ni mkopo. Kabla ya kusifiwa akiba, afundishwe kukokotoa bei ya fedha za mtu mwingine.

Somo la akiba lina udhaifu ambao wanaolipenda hawausemi. Mwanafunzi wa shule ya kata anayetoka nyumbani na nauli tu hana cha kuweka, na akiambiwa kwamba maendeleo huanza na tabia ya kuweka kidogo kidogo, anaelewa vizuri sana kinachosemwa kuhusu wazazi wake: kwamba wao ni maskini kwa sababu ya tabia. Hilo si kweli, na shule haina haki ya kumfundisha hivyo. Isitoshe, kuhusu akiba wengi wa wanafunzi hawa wana walimu nyumbani. Wameliona sanduku la kikoba lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Wameona kitabu cha hisa kikigongwa mihuri, na wamesikia mabishano ya mgao mwisho wa mwaka. Mama aliyekaa kwenye kikoba miaka kumi anajua mengi kuhusu kuweka na kukopeshana kwa kuaminiana kuliko kitabu cha kiada kinavyoweza kueleza. Asichofundishwa mwanafunzi na mtu yeyote ni mkataba unaotoka nje ya kikoba.

Tuchukue mkopo ambao mitaani huitwa kausha damu, kwa mfano rahisi. Mama lishe anakopeshwa shilingi 300,000 na kutakiwa kurejesha 12,000 kila siku kwa siku 30. Jioni mkusanyaji anafika na bodaboda, anapokea hela, anatia saini kwenye kikadi kilichochakaa pembe, anaondoka kwenda kwa mwingine. Jumla ya marejesho ni 360,000. Mkopeshaji atasema riba ni asilimia 20, na hesabu ya riba ya kawaida kama inavyofundishwa darasani itamuunga mkono: 60,000 juu ya 300,000.

Lakini mama huyu hakukaa na 300,000 mwezi mzima. Katika kila 12,000 anayotoa, 10,000 ni mtaji anaorudisha. Siku ya kwanza anadaiwa mtaji wa 300,000, siku ya kumi na sita 150,000, siku ya mwisho 10,000. Wastani wa fedha za mkopeshaji zilizokuwa mikononi mwake mwezi huo ni 155,000. Ukigawanya 60,000 kwa 155,000 unapata karibu asilimia 39, na hiyo ni kwa mwezi mmoja. Sasa tuseme ada ya fomu ya 15,000 ilikatwa kabla hajakabidhiwa chochote. Alichopokea ni 285,000, gharama yake imekuwa 75,000, na kwa njia ileile ya wastani bei inapita asilimia 50. Yote hayo hayahitaji chochote zaidi ya kujumlisha, kugawanya na kutafuta wastani, mambo yanayofundishwa tangu shule ya msingi. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kupata alama zote za mada ya riba na bado akasaini kikadi kile akiamini amekubali asilimia 20, kwa sababu swali la mtihani humpa kiasi, kiwango na muda vikiwa vimeandaliwa. Maisha hayampi kiwango. Yanampa kiasi cha kurudisha kila siku, na kiwango inabidi akitafute mwenyewe.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano wa namna bei inavyoweza kukaa mahali ambapo watu hawaitazami. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu iliyoanzishwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa 1,000 alirudisha 1,075, na kwa mtu mwenye shida ya usiku mmoja hilo ni jambo dogo. Aliyerudia kukopa kila mwezi alilipa kwa kiwango cha asilimia 90 kwa mwaka, hata bila kuhesabu riba juu ya riba. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipoweka ukomo wa riba za benki kuwa pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, ada hiyo, kwa kuwa haikuitwa riba, iliendelea kutozwa kama kawaida, na sheria yenyewe ya ukomo ilifutwa mwaka 2019. Mwanafunzi anayejua kubadilisha tozo yoyote, iwe ya siku, ya mwezi au ya fomu, kuwa gharama ya mwaka, hategemei tena jina ambalo mkopeshaji ameipa.

Kwa baadhi ya wanafunzi, mkataba mkubwa wa kwanza ni wa serikali. Mhitimu wa kidato cha sita anayeomba fedha kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu husaini deni la mamilioni akiwa na miaka 19 au 20. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara, kutoka asilimia 8. Hadi mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoifuta, kulikuwa pia na tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 kwa mwaka. Mhitimu mwenye deni la milioni 10 na mshahara wa 500,000, katika miaka ya makato ya asilimia 8, alikatwa 480,000 kwa mwaka, huku tozo peke yake ikiongeza 600,000. Alilipa kila mwezi, na deni likakua. Malalamiko ya wahitimu yaliendelea kwa miaka kabla ya tozo kuondolewa, na najiuliza kama yangechukua muda wote huo iwapo kila aliyesaini angekuwa ameifanya hesabu hii kidato cha tano. Raia anayeweza kukokotoa sera ana nguvu zaidi ya raia anayehisi tu kwamba ameonewa.

Kuna eneo jingine ambalo walimu hulikwepa kwa kuogopa kuonekana wanalihalalisha: kubeti. Sheria inawakataza walio chini ya miaka 18, lakini mwalimu yeyote wa kidato cha tatu anajua mikeka inajadiliwa wapi na saa ngapi. Makatazo hayajasaidia. Hesabu za uwezekano zingesaidia. Tuseme kila mechi ni sawa na kurusha sarafu, na kampuni inatoa odi ya 1.9 badala ya 2. Mkeka wa mechi kumi, dau la 1,000, unaahidi takriban 613,000, na ahadi hiyo ndiyo inayomkosesha kijana usingizi. Nafasi ya kushinda ni moja kati ya 1,024, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Kwa kila 1,000 inayowekwa kwenye mikeka ya namna hii, wachezaji kwa ujumla hurudishiwa kama 600. Sehemu ya kampuni kwa mechi moja ni shilingi hamsini tu kwa kila elfu. Ni kuzidisha mechi kumi kunakoifanya iwe mia nne. Sijaona mfano bora zaidi wa kufundishia vipeo.

Hesabu hiyo ya kujirudia inafaa pia kwa upatu wa piramidi. Wakati wa DECI, taasisi ya upatu iliyositishwa na serikali mwaka 2009 na viongozi wake kutiwa hatiani mwaka 2013, watu walipanda na kusubiri kuvuna. Mpango unaomtaka kila mtu alete wawili unahitaji watu zaidi ya milioni 67 kufikia hatua ya 26, na sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Mwanafunzi aliyesoma mifuatano na mifululizo anayo zana ya kuubomoa mpango huo kwa dakika tano. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba zana ile ni ya kazi hii.

Utafiti unasema nini? Uchambuzi wa Fernandes, Lynch na Netemeyer wa mwaka 2014, uliojumuisha tafiti nyingi, ulikuta kwamba elimu ya fedha ilieleza takriban asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia za watu kifedha, na kwamba athari yake hufifia kadiri muda unavyopita. Tafiti za baadaye zimetoa picha yenye matumaini zaidi. Nchini Uganda, Jamison, Karlan na Zinman walifanya jaribio katika vikundi 240 vya vijana na kuona kwamba mafunzo yaliongeza akiba. Linalonigusa zaidi ni jaribio la Brazili lililochapishwa mwaka 2016 na Bruhn na wenzake, katika shule za sekondari zipatazo 890. Wanafunzi waliofundishwa waliongeza maarifa na akiba, na hata wazazi wao walinufaika. Lakini wanafunzi haohao walitumia zaidi mikopo ya gharama kubwa kununua bidhaa. Nayasoma matokeo hayo hivi: kijana akifundishwa kupanga na kutamani bila kufundishwa kwa kina kupima bei ya deni, tunampa ujasiri wa kuingia sokoni kabla ya kumpa mizani.

Pingamizi zito kuliko yote limo ndani ya ofisi ya walimu. Wapo walimu ambao kadi zao za benki, pamoja na namba za siri, zinakaa kwa wakopeshaji; mshahara ukiingia, mkopeshaji hutangulia kwenye mashine. Hawa wamesoma, wengine wanafundisha hesabu. Ikiwa wao wamenasa, maarifa yatamwokoa nani? Pingamizi hili lina ukweli. Mtu mwenye mgonjwa hospitalini hakopi kwa sababu hajui asilimia. Anakopa kwa sababu hana njia nyingine. Ndiyo maana hesabu peke yake haitoshi, na somo linapaswa kubeba sheria pia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na idhini. Mwanafunzi ajue kuikagua leseni, ajue kadi na namba ya siri si dhamana halali ya mtu kudai, na ajue kuandika malalamiko ya ukurasa mmoja yenye tarehe, kiasi na nakala ya mkataba. Ukurasa huo ungefaa kuwa zoezi la uandishi wa barua katika kipindi cha Kiswahili.

Somo hili lisijengwe pia kana kwamba kila mwanafunzi yuko tayari kulipa riba. Kwa Waislamu wengi wa Zanzibar, pwani na bara, riba ni haramu, na tangu mwaka 2011 Amana Bank imekuwa ikitoa huduma kwa misingi ya sharia. Katika murabaha benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Kijana anayechagua njia hiyo kwa imani yake bado anahitaji kujua faida hiyo ni kubwa kiasi gani kwa muda wa malipo, na hesabu ya wastani wa deni inamfaa vilevile.

Kuhusu nani afundishe, sina shaka. Taasisi inayouza akaunti na mikopo isiandae somo la kuwafundisha wateja wake wa kesho, hata ikija na madaftari ya bure. Afundishe mwalimu, na nafasi yake ya asili ni Hisabati na Elimu ya Biashara kwa pamoja. Kuna watakaosema Hisabati imeelemewa tayari, kwa kuwa katika miaka ya karibuni wanaofaulu somo hilo katika mtihani wa kidato cha nne hawazidi sana robo. Mimi naona robo hiyo ni sababu ya kufanya hivi. Mtoto anayeshindwa kuona maana ya asilimia kwenye ubao huenda akaiona kwenye kikadi cha mama yake. Lakini walimu hufundisha kinachotahiniwa, na hawana kosa. Baraza la Mitihani likiweka swali moja tu linalompa mtahiniwa mkataba wa marejesho ya kila siku, bila kutaja kiwango, na kumtaka atafute gharama halisi, shule zote zitakuwa zimebadilika ndani ya mwaka mmoja.

Wakati nao una uzito. Fernandes na wenzake walipendekeza mafunzo yatolewe karibu na uamuzi wenyewe. Kwa vijana wetu uamuzi huo una kalenda. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katika miezi hiyo ya kukaa nyumbani wengi hutimiza miaka 18, hupata namba ya NIDA, husajili laini kwa alama za vidole vyao wenyewe, na menyu ya simu huanza kuwaonyesha kiasi wanachoweza kukopa. Vipindi viwekwe kabla ya hapo, muhula wa mwisho wa kidato cha nne, na vitumie mikataba halisi iliyofutwa majina, orodha za tozo za mitandao ya simu na fomu za mkopo wa elimu ya juu.